Miguu Mnayo, Kundi Ndilo Hamna

Hotuba kwa waendesha baiskeli chipukizi na wazazi wao, Iten

Wazazi wetu mliokaa mbele, walimu, makocha, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mtatoroka: hamjambo.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mazuri, ila amesahau kuwaambia kwamba mimi ni mtu wa Mombasa. Mlima niliokulia ni Daraja la Nyali. Kwa hiyo mkinisikia nikihema hapa kwenye mita 2,400, msidhani ni woga wa kuhutubia. Ni hewa yenu.

Nimeombwa nizungumzie mazoezi ya baiskeli ya mashindano ukiwa ughaibuni, kwa sababu miongoni mwenu wapo waliokwisha kupata barua za mwaliko wa kwenda Ubelgiji, na wapo wengi zaidi wanaozitamani. Nimeishi na kushindana huko misimu kadhaa. Ninaloliamini nalitanguliza, mengine yatafuata: hamwendi Ulaya kutafuta nguvu. Nguvu iko hapa. Mnakwenda kutafuta kundi, yaani ule msafara wa waendeshaji mia na zaidi wanaokimbia wakiwa wamebanana.

Kijana anayeshuka mpaka bonde la Kerio na kupanda tena kupitia Tambach hadi hapa juu, wiki baada ya wiki, mapafu yake hayana cha kujifunza Flanders, upande wa kaskazini wa Ubelgiji. Kule ni tambarare. Vilima vyake vinavyoogopwa dunia nzima ni vifupi kiasi cha kuchekesha. Paterberg, kwa mfano, njia yake ya kupanda ni mita kama 360 tu. Ni mkali kweli, umetandikwa mawe, lakini mtoto wa Iten akionyeshwa atauliza mlima wenyewe unaanzia wapi. Sasa waangalie wanaofika chini ya kile kilima. Kuna aliyefika akiwa wa kumi na kuna aliyefika akiwa wa themanini, na huyu wa themanini anaweza kuwa na miguu bora kuliko yule. Haitamsaidia, kwa sababu mbele yake watu wameshaanza kushuka na kusukuma baiskeli kwa mikono, na njia imeziba. Shindano liliamuliwa kilomita mbili nyuma, kwenye kona ya kuingilia kijibarabara chembamba. Ni kama kupanda matatu pale Eldoret saa kumi na moja jioni: kiti hakipati mwenye nguvu, anakipata aliyejua gari litasimama wapi.

Hapa kwetu kuna mashindano mangapi kwa mwaka yenye watu mia moja na zaidi kwenye barabara iliyofungwa? Viongozi wa shirikisho wapo, sitawauliza hadharani. Ubelgiji, majira ya joto, mwenye leseni na nauli anaweza kushindana mara tatu au nne kwa wiki bila kwenda mbali na anapolala. Kila kijiji kina sikukuu yake ya mwaka, na sikukuu isiyo na mbio za baiskeli inaonekana haijakamilika.

Niwapeleke kwenye mojawapo. Unafika kijijini kwa baiskeli yako, begi mgongoni. Kujiandikisha ni ndani ya baa. Kuna meza, nyuma yake wamekaa wazee wawili wenye karatasi, na bilauri ya bia pembeni. Unatoa leseni, unalipa euro chache, unaacha na amana kidogo ya namba. Namba hiyo ni ya kurudisha, ukiirudisha ndipo unapata amana yako, hata kama umeachwa kwenye mzunguko wa pili na unaona haya kuingia tena mle baa. Wanakupa pini nne. Nunua zako uongeze, ufunge nane, maana namba inayopepea mgongoni inakula nguvu yako alasiri nzima.

Saa tisa mnaachiwa. Mzunguko ni wa kilomita saba au nane: kanisa, nyumba za matofali, mashamba ya viazi, banda la ng'ombe, kanisa tena. Mnarudia mpaka zitimie kilomita mia na kitu. Sasa hesabuni nami. Mzunguko una kona kumi. Wa mbele anapita kona bila kugusa breki. Wa ishirini anagusa kidogo. Wa mia anasimama karibu kabisa, halafu anapaswa kuruka juu ya pedali na kukimbiza kundi linaloondoka kwa kilomita 50 kwa saa. Kona kumi, mizunguko kumi na tano: mara mia na hamsini za kuanza upya. Aliyekaa mbele hakufanya hata moja. Ndiyo maana mtu wa nyanda za juu mwenye moyo wa farasi anaweza kumaliza amekufa, huku kijana wa pale, ambaye mkipanda naye Tambach humwoni tena, anamaliza anapiga mluzi. Mkisikia mtu anasema Waafrika hawana stamina ya Ulaya, mjue hajawahi kukaa nyuma ya kundi.

Na hizo kona hazifundishiki kwa mdomo. Unajifunza kwa bega la mtu kukugusa mara nyingi mpaka mwili unaacha kushtuka.

Upepo nao. Mimi mtu wa Pwani nilijiona naujua. Kusi imenipuliza tangu utotoni kwenye njia ya Malindi. Lakini nilikuwa nakutana nao peke yangu, au na wenzangu watatu wanne. Flanders mnakutana nao mko mia na hamsini, na barabara ina upana wa gari moja na nusu. Wenye madaftari andikeni hapa.

Upepo ukitoka kushoto, wa kwanza anakaa ukingo wa kushoto wa barabara. Wa pili hakai nyuma yake moja kwa moja, anakaa nyuma kidogo na kulia kidogo, gurudumu lake la mbele likiwa ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzake. Wa tatu hivyo hivyo, wa nne hivyo hivyo, mpaka mnakuwa mstari wa mshazari unaogusa ukingo wa kulia. Barabara ikiisha, kinga nayo imeisha. Labda mmeenea kumi, labda kumi na wawili. Anayefuata hana pa kuingia. Anaambaa ukingoni, tairi sentimita chache kutoka kwenye mtaro, upepo unamla ubavu mzima, na nyuma yake kuna foleni ya watu wanaoteseka vile vile. Mmoja akichoka na kuacha pengo la mita mbili, wote walio nyuma yake siku yao imekwisha. Timu zinazojua kazi hupanga jambo hili makusudi: zinasubiri barabara igeuke, upepo uwe wa ubavuni, kisha zinakanyaga.

Dawa si kujikaza pale ukingoni. Dawa ni kukubali mapema kwamba mshazari wa kwanza umekupita, kuwapigia kelele walio nyuma yako, na kuunda wa pili. Kazi hiyo inataka watu wanaojua kupokezana. Aliye kwenye upepo anaachia, anarudi nyuma taratibu, anayefuata anachukua nafasi kwa mwendo ule ule. Nasema ule ule! Vijana wetu wenye nguvu wana ugonjwa wa kuongeza kasi zamu yao ikifika, waonekane. Unachofanya ni kuvunja mstari wa wenzako, na hawatakushukuru. Watakutukana kwa Kiflemi, na hayo ndiyo maneno ya kwanza ya lugha ile mtakayoyajua.

Kabla hata ya kufika huko kuna jambo dogo linaloweza kuwavunja mfupa wa bega siku ya kwanza. Sisi tunapita kushoto, wao wanapita kulia. Mnalijua hilo, lakini mwili haulijui, hasa ukitoka kwenye mzunguko wa barabara umechoka. Na breki: baiskeli ya kuazima utakayopewa kule, kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Aliyezoea kinyume chake akistuka atabana ya mbele kwa nguvu zote akidhani ni ya nyuma, na atapaa. Ukipewa baiskeli, kabla ya kurekebisha kiti, zungusha gurudumu, bana, tazama lipi limesimama.

Turudi kwenye kundi, kwa sababu mtaniuliza: mbona Froome alitoka hapa hapa Kenya akafaulu? Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafundwa na David Kinjah kule Kikuyu, na baadaye akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Kinjah mwenyewe alikuwa ametangulia kwenda kupanda kwa timu ya Italia. Lakini kumbukeni Froome alivyoanza. Mwaka 2006, mashindano ya dunia ya vijana Salzburg, Austria, akiwa amevaa jezi ya Kenya, aliondoka kwenye jukwaa la kuanzia na muda mfupi baadaye akamgonga ofisa wa mashindano, wakaanguka wote wawili. Miguu ile ndiyo iliyokuja kushinda Paris. Kilichokosekana ni mazoea. Mwaka uliofuata akaenda Aigle, Uswisi, kwenye kituo cha mafunzo cha UCI, shirikisho la baiskeli la dunia.

Biniam Girmay naye alipita Aigle. Yeye ni mtoto wa Asmara, mji ulio juu ya mita 2,300, karibu sawa na hapa. Tarehe 27 Machi 2022 alishinda Gent–Wevelgem, Mwafrika wa kwanza kuishinda, na hiyo ni mbio ya upepo, mawe na kugombea nafasi, hasa mambo ninayowaambia. Jumapili iliyofuata ilikuwa Ronde van Vlaanderen, mbio kubwa kuliko zote za Wabelgiji. Nchi nzima ilitaka kumwona. Yeye akapanda ndege akaenda nyumbani kwa mkewe na binti yake mdogo, kama alivyokuwa amepanga tangu mwanzo. Mei akarudi akashinda hatua, yaani mbio ya siku moja, ndani ya Giro d'Italia, mbio kubwa za Italia. Julai 2024 akashinda hatua tatu za Tour de France na kuivaa jezi ya kijani, ya anayeongoza kwa pointi, mpaka mwisho, Nice.

Safari ile ya kwenda nyumbani naitazama kama sehemu ya mazoezi yake, na nadhani wengi wanaoisimulia kama kisa cha mapenzi ya familia wanaona nusu tu. Alikuwa na mahali pa juu pa kujenga mwili, na mahali pa chini pa kushindania. Ila tuseme kweli: Asmara ina kitu ambacho Iten haina. Waeritrea wamekuwa wakishindana kwa baiskeli mitaani tangu enzi za Waitaliano, na mtoto anakua akiona kundi. Girmay alifika Uswisi na nusu ya somo kichwani. Ninyi mtafika na robo. Viongozi, hilo ni lenu.

Sasa tuje kwenye siku za kukaa kule. Viza ya Schengen ya muda mfupi inakupa siku 90 ndani ya siku 180 zozote. Hilo neno "zozote" lishikeni. Hesabu haianzi upya Januari. Kila siku unayokuwa kule, ofisa anarudi nyuma siku 180 na kuhesabu ngapi umekaa. Nimesikia vijana wengi wakilia kwamba siku 90 hazitoshi. Kwa msimu wa kwanza zinatosha, kama utafika ukiwa tayari. Anayetua Brussels Machi, hajafanya mazoezi, akapokelewa na mvua na nyuzi 5, anatumia mwezi wa kwanza kupona mafua na mwezi wa pili kutafuta pumzi. Anayejenga mwili hapa Januari hadi Aprili, akatua Mei, wiki ya kwanza anazunguka tu kujua barabara, ya pili anaanza kushindana. Mara mbili kwa wiki. Si nne! Mtashawishika na nne kwa sababu zipo na ni rahisi. Siku ya tatu lala, osha baiskeli, kula. Agosti, kabla siku 90 hazijaisha, rudi nyumbani, panda mlima, jenga tena.

Maombi ya viza yanaweza kupelekwa miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90. Pelekeni mapema, maana miadi ndiyo inayochelewesha. Mtatakiwa muwe na bima ya matibabu ya safari isiyopungua euro 30,000. Wazazi, hapa ndipo nawaomba msome yale maandishi madogo. Bima nyingi za safari hazilipi majeraha ya mashindano. Mtoto ana karatasi, ubalozi umeridhika, na siku akivunjika bega anaambiwa kifungu fulani. Ulizeni kwa maandishi: je, mbio za baiskeli zimo? Leseni yenye bima ya mashindano nje ya nchi, na barua ya shirikisho inayomruhusu kushindana ugenini, aziweke kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku la baiskeli.

Katika ukumbi huu simtaji Sule Kangangi, mwendeshaji mwenzetu wa Kenya, ili kuwatisha. Tulimpoteza Agosti 2022 akiwa kwenye mbio za changarawe Vermont, Marekani. Wengi wenu alikuwa kaka yenu, na njia hii mnayotaka kupita, ya kupanda kwa timu ya Ujerumani, ya kuanzisha timu ya nyumbani inayokwenda na kurudi, yeye aliisafisha kwa mikono yake. Namtaja kwa sababu mchezo huu una hatari, na mzazi anayemsaini mtoto wake ana haki ya kuambiwa hivyo mbele ya watu.

Kuhusu dawa nitasema kwa ukali, kwa kuwa mji huu unajulikana duniani kwa mazuri na kwa hayo mengine pia. Ukiwekwa kwenye orodha ya wanaopimwa, kila siku unatoa saa moja na mahali utakapopatikana. Ukikosekana au kukosea kujaza mara tatu ndani ya miezi 12, linahesabiwa kuwa kosa la dawa na unaweza kufungiwa, hata kama mkojo wako ni safi. Ukienda kulala kwa rafiki, badilisha kwenye simu kabla ya kulala. Tramadol, ambayo mtu anaweza kukupa ukiumwa mgongo kana kwamba ni peremende, imepigwa marufuku siku ya mashindano. Baadhi ya dawa za mafua za dukani zina kitu kilichokatazwa. Onyesha daktari wa timu kila kidonge. Na mitishamba ya shangazi ibaki kwa shangazi.

Chakula hakinipi shida ya kueleza. Mkate mtauchoka. Brussels kuna mtaa wa Matongé, wa Wakongo, unga mtapata, na mtapata pia mtu wa Bukavu au Goma wa kupiga naye Kiswahili Jumapili. Hilo la pili ni muhimu kuliko unga.

Nyumba za kufikia ndilo jambo la kuangalia. Zipo zinazolea waendeshaji wageni vizuri: kitanda, karakana, gari la kwenda mashindanoni. Zipo za kula pesa. Niliwahi kuishi katika moja ya aina ya pili, na mwenyewe sitamtaja. Alikusanya pasipoti zetu zote "kwa usalama", akaziweka kabatini, na ufunguo ukawa shingoni mwake. Kila aliyetaka kuondoka ilibidi kwanza akubali deni ambalo hakuwa amelijua. Pasipoti yako haikai kwa mtu. Tiketi ya kurudi inunuliwe pamoja na ya kwenda. Na kabla ya kutuma shilingi, mzazi aongee kwa simu na mwendeshaji aliyewahi kulala pale, asiongee na mwenye nyumba tu.

Nimeona mama wawili watatu hapa wamekuja na mabinti. Mbio za wanawake kule ni chache kuliko za wanaume, hivyo atasafiri zaidi kuzifuata, na nauli iwe kwenye hesabu. Lakini mlango uko wazi. Kimberley Le Court wa Mauritius aliwahi kukata tamaa na barabara za Ulaya, akarudi Afrika kupanda baiskeli za milimani, kisha akajaribu tena na timu ya Ubelgiji. Aprili 2025 akashinda Liège–Bastogne–Liège ya wanawake, mojawapo ya mbio kubwa za Ubelgiji. Julai mwaka huo huo alikuwa na jezi ya njano, ya anayeongoza mbio, kwenye Tour de France ya wanawake.

Na Septemba 2025 dunia nzima ilikuja Kigali, mashindano ya dunia ya barabara, mara ya kwanza Afrika. Mkenya aliingia kutazama kwa kitambulisho chake tu, Wazungu ndio waliopanga safari ndefu. Nilifurahi, sitaficha.

Sasa kazi. Msisubiri Ulaya ili mguswe bega. Kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uwanja wa shule hapo chini, kwenye nyasi. Njooni na baiskeli za zamani, viatu vya kawaida, si vile vya kunasa pedalini. Mtapanda wawili wawili, bega kwa bega, mkisukumana taratibu bila kuachia usukani, kisha wanne ndani ya mraba utakaozidi kuwa mdogo. Kuanguka kwenye nyasi ni ruhusa. Wenye helmeti moja kwa watu wawili watapeana zamu, asiye nayo hapandi. Wazazi mnakaribishwa, chai itakuwepo. Kocha ana karatasi ya majina pale mlangoni, na wale waliojibanza nyuma ndio walio karibu nayo, waanze wao.